Wifi Yangu, Mpole na Mkorofi

Wifi yangu alichapisha maelekezo yote ya Mpole, kurasa mia nne na kitu, akayatoboa pembeni na kuyafunga kwa uzi kama mtu anayeandaa ushahidi wa mahakamani. Akayaweka katikati ya meza yake na yangu, akavaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza. Wino wa printa ya ofisi uliisha siku hiyo hiyo. Mimi nilishika tama, maana nilijua wiki yangu ndiyo imekwisha.

Mpole hakuwa mtu. Ilikuwa maktaba ya programu, yaani programu zilizoandikwa tayari na wengine ili uzitumie ndani ya yako, na jina hilo tulimpa sisi. Kazi tuliyopewa ilikuwa kuandika upya mfumo wa benki ya damu ya hospitali, ule unaotunza habari za wachangiaji: nani ana kundi gani la damu, alitoa lini, anaruhusiwa kutoa tena au amezuiwa. Habari hizo hukaa kwenye hifadhidata, zimepangwa kwa mistari na safu kama rejesta ya darasa. Programu yenyewe haitaki mistari na safu. Inataka kadi moja nzima ya mchangiaji, yenye kila kitu chake. Kwa hiyo unahitaji karani wa kusimama katikati, achukue mstari aufanye kadi, na kadi ikisharekebishwa aifanye tena kuwa mstari. Tulikuwa tunamchagua huyo karani, na waliobaki walikuwa wawili. Mpole alifanya kila kitu mwenyewe wala hakuuliza. Mkorofi hakufanya lolote mpaka umwelekeze neno kwa neno, na ukikosea anakujazia maandishi mekundu skrini nzima.

Mimi nilimtaka Mpole. Kwa Mpole ningemaliza kazi kwa wiki tatu.

"Karani anayekaa kimya namna hii ananitia shaka," Wifi alisema, macho yakiwa kwenye karatasi. "Anaandika nini humo ndani?"

"Wifi, ametengenezwa na watu wanaojua kazi. Anatumika kila mahali."

"Sijauliza anatumika wapi. Nimeuliza anaandika nini."

Ndivyo alivyo. Hospitalini wanamwita Nionyeshe, na jina hilo amelitolea jasho. Ukimwambia maji yamechemka, anafunua birika. Mlinzi akimwambia geti limefungwa, anarudi kulisukuma. Siku kaka yake aliponipeleka kwao kwa mara ya kwanza, niliulizwa ninafanya kazi gani, nikajibu naandika programu za kompyuta. Kila mtu akaitikia kwa adabu. Wifi akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kompyuta, akasogeza vikombe vya chai na kuiweka mbele yangu. "Hebu nionyeshe," akasema. Nikaandika programu ya kupanga majina ya waliokuwepo kwa alfabeti, mama mkwe ananitazama kwa huruma. Ilifanya kazi. Wifi akasoma mstari kwa mstari, akanionyesha mmoja ambao haukuwa na kazi yoyote. Nikaufuta. Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa kwenye ukoo.

Hakuwahi kuolewa. Wachumba walikuja, akawahoji, wakaondoka. Alianza kazi hospitalini kama mpokezi, enzi za kadi za karatasi kwenye droo za mbao, na kila kadi ilipopotea aliugua. Akajifunza kompyuta kwa kitabu cha kuazima. Miaka kumi na mmoja iliyopita aliuandika mfumo wote peke yake, bila karani yeyote wa katikati, kila amri ya hifadhidata kwa mkono wake. Mfumo huo haujawahi kulala hata siku moja. Na ni yeye aliyenitafutia mimi nafasi pale, jambo ambalo watu walipenda kunikumbusha hata nisipouliza.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya mapokezi. Meza mbili zilizotazamana, dirisha moja linalotazama ukuta, na upande wa pili wa ukuta mwingine jokofu kubwa la damu likinguruma mchana kutwa. Meza ya Wifi ndiyo iliyokuwa karibu na seva. Anayekaa pale ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya mfumo, na kwa miaka mitatu mimi nilikaa nikiitazama meza hiyo kutoka upande wa pili.

Jumatatu ya wiki ya tano Mkurugenzi aliniita ofisini kwake, akafunga mlango yeye mwenyewe.

"Mradi umekwama wapi?"

"Kwenye kuchagua maktaba, bosi."

"Wiki tano mnachagua? Nani anakwamisha?"

Nikatazama ule mlango alioufunga. Alinitazama vile anavyonitazama daktari wa meno.

"Wifi yako si mjinga," akasema. "Anajua mfumo mpya ukisimama, hakuna atakayemhitaji tena. Huu wa zamani anauelewa yeye tu. Mimi naona anavuta muda. Ijumaa niletee kwa maandishi, anakwamisha au hakwamishi, na mifano. Kama anakwamisha, atakwenda chumba cha mafaili. Wewe utakaa pale kwake."

Ningeweza kukataa. Ningeweza hata kuomba nifikirie kwanza. Nilisema "Sawa, bosi," nikatoka, na nilipofika kwenye korido nilikuwa tayari nimeanza kumwona Wifi kwa jicho jingine. Mtu akishakutia shaka kichwani, kila kitu kinaifaa hiyo shaka. Kumbe yale maswali yake ni mbinu. Kumbe zile kurasa mia nne ni ngao. Niliporudi mezani nilifungua faili jipya, nikaandika: *Jumatatu, saa nane mchana. Amesoma kurasa thelathini na moja. Hajaandika mstari hata mmoja wa programu.*

Yeye naye hakulala. Alipopita nyuma yangu nilikuwa napunguza dirisha la skrini, na kwa mtu kama Wifi hilo ni sawa na kupiga kengele.

"Siku hizi unaandika sana, wifi."

"Barua ya dada yangu."

"Kwa kasi hiyo? Dada yako kapatwa na nini?"

Nikacheka. Hakucheka. Nyumbani mume wangu aliuliza tunaendeleaje na dada yake, nikajibu vizuri, akanitazama muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Ukoo ule wote ni wa aina moja.

Jumatano asubuhi Wifi aliwaita watu wawili chumbani kwetu: mpokezi, na muuguzi wa mahojiano. Muuguzi huyo ndiye anayekaa faragha na mchangiaji kabla hajatoa damu na kumwuliza yale ambayo vipimo haviwezi kuyajibu. Mojawapo ni dawa. Kuna dawa ya ngozi inayokaa mwilini muda mrefu sana. Damu ya anayeitumia huonekana safi kwenye kila kipimo, lakini akiwekewa mjamzito inaweza kumharibu mtoto tumboni. Mchangiaji wa namna hiyo anawekewa zuio kwenye kadi na kuombwa asirudi kwa miaka kadhaa. Zuio lenyewe ni alama ndogo ndani ya kisanduku. Akirudi kabla ya muda wake, amesahau au ameona haya kusema, hiyo alama ndiyo inayomtenga na jokofu letu.

"Fungueni kadi moja, wote wawili," Wifi akasema. Tulikuwa tumetengeneza mchangiaji wa kubuni aliyeitwa Fulani, anatunzwa na Mpole kwenye hifadhidata ya majaribio. Mpokezi akafungua kadi ya Fulani kwenye kompyuta yangu, muuguzi akaifungua kwenye ya Wifi.

"Muuguzi, weka zuio, hifadhi."

Muuguzi akaweka. Skrini ikasema imehifadhiwa.

"Sasa wewe mpokezi, kadi yako bado iko wazi. Badilisha namba ya simu tu, hifadhi."

Imehifadhiwa.

"Ifungueni upya."

Namba ya simu ilikuwa mpya. Zuio halikuwepo.

"Nimeliweka mimi hapa," muuguzi akasema. "Mmeniona."

"Tumekuona," Wifi akamjibu. "Mpole amelifuta."

Mpole hakufanya hila yoyote. Mpokezi alichukua kadi nzima kabla ya zuio kuwekwa, akarekebisha simu, na Mpole akairudisha kadi nzima kama alivyopewa, pamoja na kile kisanduku kitupu cha mwanzo. Upo mpangilio wa kumfundisha aandike kilichobadilika tu, ukurasa wa mia mbili tisini na kitu. Wifi alikuwa amefika huko. Mimi sikuwa nimefika hata ukurasa wa ishirini. Mkorofi alipofanyiwa jambo lile lile aligoma: kadi hii imebadilika tangu uichukue, ichukue upya. Maandishi mekundu, skrini nzima.

Wifi hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alisema, "Basi ni Mkorofi," akachukua kikombe chake akatoka. Mpokezi ndiye aliyenirushia kijembe mlangoni. "Mshukuru mna mtu wa kukagua," akasema, na mimi nikabaki nimechemka hadi masikio.

Alhamisi, Wifi alipokwenda kula chakula cha mchana, nilifanya jambo kwa chuki. Sina neno zuri zaidi la kuliita. Tulikuwa na nakala ya mazoezi ya mfumo wa zamani, wa kwake, ule ule uliokuwa ukitumika muda huo mapokezi. Nikafungua kadi ya Fulani wa humo kwenye kompyuta zote mbili. Nikaweka zuio kwenye moja. Nikabadilisha simu kwenye nyingine. Nikafungua kadi upya.

Zuio halikuwepo.

Nikarudia mara ya pili, na ya tatu. Halikuwepo. Na nataka niseme wazi, kwa sababu nimeshajificha vya kutosha: nilifurahi. Nilipiga meza kwa kiganja. Nionyeshe, bingwa wa kufunua mabirika, alikuwa na birika lake mwenyewe ambalo hajawahi kulifunua.

Nilipotulia nikaelewa ilivyokuwa. Wakati anauandika mfumo, benki ya damu ilikuwa na kompyuta moja tu. Muuguzi alipiga kelele kupitia mlango wa kati, "Huyu mzuie," na mpokezi akaandika. Mikono miwili haikuweza kushika kadi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuchukua kadi nzima na kurudisha kadi nzima hakukuwa na ubaya wowote. Miaka minne iliyopita chumba cha mahojiano kilipata kompyuta yake. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyefikiria kwamba mistari iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta moja inatakiwa isomwe upya, hata yeye.

Hapo furaha ikaanza kuniisha. Jokofu lilikuwa linanguruma nyuma ya ukuta. Huu haukuwa mchezo wa Fulani. Ilinipasa nitoke mbio nimtafute popote alipo. Badala yake nilikaa nikapiga hesabu zangu. Kesho ni Ijumaa. Nikimwambia leo, atatengeneza kimya kimya, atafuta nyayo, na kesho nitaonekana mzushi mbele ya Mkurugenzi. Nilijiambia hivyo mpaka nikaamini. Tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi ni jambo gani Wifi aliwahi kulifanya maishani mwake lililonipa sababu ya kumdhania hivyo, na sijaliona hata moja.

Nikaandika ripoti yangu. Alipoingia nikapunguza dirisha.

Ijumaa Mkurugenzi alikuwa na mkutano asubuhi yote, akanipokea saa tano. Alisoma ukurasa wa kwanza haraka. Wa pili aliusoma polepole, akaweka karatasi chini kwa upole.

"Hii inatosha kabisa," akasema.

"Lakini bosi, mfumo wenyewe ndio huu unaotumika sasa hivi. Lazima tusimamishe kutoa mifuko ya damu mpaka tujue nani alipotezewa zuio."

"Jumatatu."

"Leo ni Ijumaa."

"Najua siku za wiki. Ukifunga benki ya damu Ijumaa, kesho hospitali nzima inaongea. Miaka minne haijatokea kitu, siku tatu zitatokea nini? Jumatatu tutalifungua hili kwa utaratibu, na yeye akiwepo."

Nikasema asante. Nilitoka mle nikiwa nimeipata meza. Nilikaa kwenye kiti changu saa moja na nusu bila kugusa kitu. Wifi alikwenda kunywa chai, akarudi kuketi mbele yangu akiandika mpango wa kumwingiza Mkorofi, mwandiko wake ule wa kishule, kila herufi imekaa wima. Saa saba nikashindwa.

"Wifi. Mfumo wako unapoteza zuio."

Akaweka kalamu chini. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Hakubisha, hakujitetea. Akaniambia nirudie. Mara ya tatu alifanya kwa mikono yake mwenyewe, akaifungua kadi, akakitazama kile kisanduku kitupu. Uso ulimsawijika.

"Umelijua lini hili?"

"Sasa hivi," nikasema. "Ulipokwenda kunywa chai."

Hakuniuliza zaidi. Aliinuka, akaenda kwa fundi wa maabara anayetoa damu jokofuni, na nikasikia sauti yake kupitia ukuta, ya chini, bila haraka: "Hakuna mfuko unaotoka hapa mpaka niseme mimi." Hakumwomba Mkurugenzi ruhusa. Hakukumbuka hata kama yupo.

Kilichotuokoa ni kwamba muuguzi wa mahojiano naye hana imani na mashine. Kwa miaka yote ile alikuwa akiandika kila zuio kwenye daftari lake jekundu, kwa kalamu, na kulifungia kwenye droo. Majina mia mbili na kumi na mawili. Wifi alisoma jina, mimi nikatafuta kadi. Ana zuio. Ana zuio. Ana zuio. Muuguzi alisimama mlangoni amekunja mikono kifuani. Kila nilipochelewa kujibu, Wifi aliinua macho.

Saba hawakuwa na zuio.

Sita kati yao hawakurudi tena kutoa damu. Wa saba alirudi, wiki tatu kabla, mwanamke wa dawa ya ngozi. Mpokezi alimwona kwenye skrini yuko huru, mwanamke mwenyewe kwenye mahojiano hakusema kitu, na daftari lilikuwa limefungiwa drooni. Damu yake ilipimwa ikaonekana safi, kama ilivyotarajiwa. Nikatafuta mfuko wake. Ulikuwa umetoka jokofuni siku hiyo hiyo, Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Saa tatu asubuhi. Mimi nilijua tangu jana yake mchana.

Wifi alikuwa ameshainua simu kupiga wodi iliyouchukua. Nilisimama karibu yake nikisikia upande mmoja tu.

"Mfuko wenu wa saa tatu, amewekewa nani? ... Umeisha? ... Mwanamume? Hebu nenda kitandani ukaisome kadi yake, usiniambie kwa kukumbuka. Nakusubiri."

Akasubiri. Sijawahi kusimama dakika ndefu kama zile.

"Ndiyo. Amevunjika paja. Umri? ... Sitini na mbili. Mwambieni daktari wake anipigie. Asante, dada."

Akarudisha simu mahali pake kwa mikono miwili. Dawa ile isingemfanya chochote mzee wa miaka sitini na mbili mwenye paja lililovunjika. Ilikuwa bahati tupu, wala haikutokana na akili ya mtu yeyote kati yetu.

"Wodi ya wazazi ni mlango unaofuata," Wifi akasema.

Jumamosi alikuja kazini akatengeneza mistari yake mwenyewe, mfumo ukaacha kuandika kadi nzima. Jumatatu tulikaa kwa Mkurugenzi, yeye, mimi, muuguzi na Wifi. Ripoti yangu ilikuwa kwenye droo ya Mkurugenzi, niliiona kona yake. Hakuitoa, kwa sababu Wifi alikuja na ya kwake, ukurasa mmoja, na akaisoma kwa sauti.

"Kosa ni langu. Niliandika mfumo kwa ajili ya kompyuta moja na sikuurudia zilipokuwa mbili. Wachangiaji saba walipoteza zuio, mfuko mmoja ulitoka. Kosa liligunduliwa Ijumaa saa saba mchana na mwenzangu, akanijulisha papo hapo, na utoaji ulisimamishwa ndani ya dakika kumi. Ninapendekeza tutumie Mkorofi."

Mkurugenzi akanitazama. Alijua nilikuwa ofisini kwake saa tano. Nami nilijua kwamba anajua, na kwamba yeye ndiye aliyesema Jumatatu. Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana dirishani, kisha kila mmoja akatazama karatasi zake. Akasema maneno mengi kuhusu uzembe na imani ya wagonjwa. Akasema kuanzia kesho Wifi atakwenda chumba cha mafaili, na mimi nitashika meza yake. Mkorofi akapitishwa bila mtu kuuliza chochote.

Jumanne asubuhi nilimkuta Wifi akiondoa vitu vyake kwenye droo na kuvipanga kwenye boksi la karatasi za printa. Nilikuwa sijalala vizuri tangu Ijumaa. Mume wangu alikuwa ameacha kuniuliza, na hilo lilikuwa baya kuliko maswali.

"Wifi," nikasema, "ile Ijumaa sikugundua saa saba."

"Najua."

Aliendelea kupanga.

"Nakala ya mazoezi inaandika saa ya kila jaribio," akasema. "Nilitazama Ijumaa ile ile, tulipokuwa tunapitia majina. Alhamisi, saa saba na dakika ishirini. Mara tatu. Mara ya tatu ulimwekea Fulani namba yako mwenyewe ya simu. Na kwa Mkurugenzi ulitoka saa tano na nusu. Nilikuwa mapokezi, mlango wake unaonekana."

Niliketi kwenye kiti changu cha zamani.

"Sasa kwa nini uliandika vile?"

"Ulitaka niandike nini?" Akafunga mfuniko wa boksi, akaukandamiza pembe zote nne. "Ningeandika ukweli tungeondoka wote wawili. Angeletwa mtu mpya hapa, msomi, mwenye haraka, ambaye hajawahi kuona zuio likipotea. Wiki ya kwanza tu angemchukua Mpole."

"Kwa hiyo umenisamehe."

"Nani kataja kusamehe? Kaka yangu nitamwambia mimi, siku nitakayotaka mimi. Wewe usijitangulize."

Nikajaribu tena. "Basi angalau unaniamini kidogo."

"Hapana." Alinitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile, bila hasira, kama anavyoitazama programu ya mtu mwingine. "Ila sasa hujiamini wewe mwenyewe. Kwa meza hii, inatosha."

Akabeba boksi lake. Nikajitolea kumsaidia, akasema halina uzito. Nilisikia viatu vyake kwenye korido mpaka alipokata kona ya mafaili.

Sikuwa nimekaa mezani pake hata robo saa muuguzi wa mahojiano alipochungulia, daftari jekundu kwapani.

"Nimemwekea mtu zuio sasa hivi," akasema. "Limeingia?"

Skrini yangu ilisema limeingia. Niliinuka nikaenda kuitazama kadi ile kwenye kompyuta ya mapokezi, kisha kwenye ya chumba cha mahojiano, kisha nikarudi kuutazama mstari wenyewe ndani ya hifadhidata. Muuguzi alinisubiri mlangoni muda wote huo, na nilipomwambia limeingia, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Hebu nione," akasema.